Gramu Ipi Iondoke, Gramu Ipi Ibaki: Kuunda Baiskeli Nyepesi ya Kaboni kwa Barabara za Kilimanjaro
Mhadhara uliotolewa mjini Moshi mbele ya waendesha baiskeli na mafundi

Wazee wetu, mafundi wenzangu, ndugu waendesha baiskeli, nawashukuru kwa kuitikia wito.

Naomba kwanza mtazame mizani hii ya ndoano, ambayo nimeiazima kwa mama mmoja anayeuza viazi mviringo sokoni. Nikiitundika baiskeli niliyokuja nayo, mshale unasimama nyuma kidogo tu ya kilo 7. Nyumbani, kwenye mizani ya dijiti, ilisoma kilo 6.9. Sasa naitundika Phoenix ya jirani yangu, ile inayobeba maziwa kutoka Kibosho kila asubuhi, na mshale unafika karibu na kilo 20. Tofauti ni kilo 13, na ningependa tuanze kwa kujiuliza kilo hizo maana yake ni nini kwa mtu anayepanda mlima wetu.

Kutoka Himo hadi lango la Marangu mwendeshaji hupanda karibu mita 1,000. Kuinua kilo moja kwa kimo hicho kunadai nishati ya jouli 9,810, na hakuna fundi wala kiwanda kinachoweza kuipunguza. Mwendeshaji mwenye mazoezi mazuri, anayeweza kutoa wati 200 kwa zaidi ya saa moja bila kukata pumzi, atatumia karibu sekunde 50 za safari yake kwa ajili ya kilo hiyo moja tu. Kwa hiyo gramu 100 ni sekunde 5, chupa ya maji iliyojaa ni zaidi ya nusu dakika, na kilo 13 za Phoenix ni dakika 10 na nusu. Nawaomba mkariri hesabu hii, kwa sababu ndiyo itakayowalinda dukani. Mtu akikuuzia boliti za titani zinazopunguza gramu 20, unajua kwamba amekuuzia sekunde moja kutoka Himo hadi langoni, nawe utaamua mwenyewe kama sekunde hiyo inalingana na fedha yako.

Kampuni ya Toray ya Japani ilianza kutengeneza nyuzi za kaboni kibiashara mwaka 1971, na katika baiskeli nyuzi hizo zilijipatia heshima mwaka 1986, Greg LeMond wa Marekani aliposhinda Tour de France juu ya fremu ya kaboni. Uzi mmoja una unene wa maikroni 5 hadi 7, yaani unywele wa kichwa ni mnene kama mara kumi yake. Nyuzi hizo zikilazwa kwa tabaka na kugandishwa kwa resini, yaani gundi inayozishikamanisha, hupatikana kitu chenye uzito wa gramu 1.6 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, wakati alumini ni 2.7 na chuma ni karibu 7.9. Lakini wepesi wa kaboni si siri yake kubwa. Siri yake kubwa ni kwamba ina nguvu upande ule tu ambako nyuzi zimelala. Bomba la chuma lina nguvu pande zote, hata zile ambazo hazihitaji nguvu. Fundi wa kaboni huamua tabaka hili lilale hivi kwa ajili ya miguu inayokanyaga na lile lilale vile kwa ajili ya usukani unaovutwa, na pasipobeba kitu haweki kitu. Ndiyo maana fremu ya barabarani inaweza leo kuwa na gramu 700 au 800 na bado isipinde chini ya mtu wa kilo 80. Na ndiyo maana fremu hiyohiyo inaweza kupasuka kwa kubanwa kidogo tu pale ambapo aliyeiunda hakutarajia ibanwe.

Shirikisho la kimataifa la mchezo huu, UCI, limeweka tangu mwaka 2000 kwamba baiskeli ya mashindano isipungue kilo 6.8. Sisi tusioshindana huko hatufungwi na kanuni hiyo, lakini mimi naiheshimu, kwa sababu chini ya hapo gramu huanza kutolewa mahali panapobeba uhai wa mtu.

Nije kwenye magurudumu, ambako nitakaa zaidi. Mmesikia mara nyingi kwamba gramu moja ya rimu ni sawa na gramu mbili za fremu. Jambo hilo lina ukweli wakati wa kuongeza kasi peke yake, kwa kuwa rimu hulazimika kwenda mbele na kuzunguka kwa pamoja. Ukipanda kwa mwendo ulio sawa, gramu ni gramu, popote ilipo. Na hata katika kuongeza kasi nimepiga hesabu: rimu zikipungua gramu 400, mtu anayeondoka kutoka kusimama hadi kilomita 30 kwa saa ataokoa jouli 28 hivi, ambazo kwa wati 200 hazifiki hata robo ya sekunde. Baiskeli inachangamka mkononi, hilo kila aliyewahi kuipanda atakubali, nami nalipenda. Lakini tusilitie chumvi.

Sababu yangu ya kuanza na magurudumu ni nyingine. Jozi ya kawaida ya alumini ina gramu 1,900, na jozi hii iliyopo mezani ina 1,300. Ni sehemu chache za baiskeli zinazoweza kutoa gramu 600 kwa mkupuo bila kugusa usalama, zikiwa zimeundwa vizuri. Tena rimu ya kaboni inaweza kufanywa ya kina, milimita 35 au 45, ikapasua upepo, na kwenye barabara tambarare inayoelekea mashamba ya miwa ya TPC adui ni upepo kuliko uzito.

Itazameni hii ya nyuma kwa karibu. Ina spoki 24, na ya mbele ina 20, wakati Phoenix imezoea kuwa na zaidi ya 30 kwa kila gurudumu. Spoki zenyewe ni za chuma kisichoshika kutu, zimebapwa kama ukucha, na kila moja ina gramu 4 na kidogo, ilhali spoki nene ya kawaida inakaribia 7. Kadiri spoki zinavyopungua ndivyo kila moja inavyobeba zaidi, kwa hiyo mvuto wake hauwezi kukisiwa kwa kuzibana kwa vidole viwili kama tulivyofundishwa. Upande wa gia nimezivuta hadi karibu kilo 120, kwa kipimo, na upande wa pili zimebaki na zaidi kidogo ya nusu ya hapo, kwa sababu habu, yaani kitovu cha gurudumu, imesogezwa kuyapisha meno ya gia. Fundi asiyejua tofauti hiyo atajitahidi kuzisawazisha pande zote mbili, naye atalipinda gurudumu lililokuwa zima.

Nipeli, zile nati ndogo zinazoshika spoki kwenye rimu, nimetia za shaba nyeupe, si za alumini. Alumini ingepunguza gramu 28 au 30 kwa jozi yote, sekunde moja na nusu hivi hadi langoni Marangu. Lakini alumini ikigusana na kaboni penye unyevunyevu huliwa taratibu, nasi tunaishi chini ya mlima wenye ukungu na mvua, tukitoka jasho. Hizo ni gramu ambazo nimeamua zibaki.

Sasa kuhusu joto. Miaka kadhaa iliyopita nilishuka kutoka Marangu na magurudumu ya kaboni yenye breki za kubana rimu, niliyoyanunua kwa bei ya chini. Mbele yangu kulikuwa na lori la ndizi, nami nilikuwa nimeshika breki kidogokidogo bila kuachia, nikingoja nafasi ya kulipita. Nilisikia kwanza harufu, kama ya gundi iliyowekwa karibu na moto. Kisha mkono ukaanza kuhisi breki inapigapiga kila gurudumu likizunguka. Kabla sijaelewa, tairi ya nyuma ilipasuka kwenye kona, nikaingia mtaroni. Niliumia bega, nikapona. Rimu yenyewe ni hii. Naomba muipitishe mkono kwa mkono. Pitisheni kidole ukingoni mpaka mfike kwenye kibandiko chekundu: mtahisi ukuta umevimba kwenda nje. Nimeupima, umeongezeka milimita 2 na nusu.

Kilichotokea kinaelezeka. Mtu na baiskeli yenye jumla ya kilo 80, wakishuka mita 1,000, wanabeba nishati ya jouli 785,000. Ingekuwa ni sufuria, ingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji. Sehemu ya nishati hiyo huchukuliwa na upepo. Iliyobaki, kwa mtu anayeshuka polepole nyuma ya lori, inaingia kwenye breki. Alumini huueneza moto na kuutoa nje. Kaboni na resini yake haviusafirishi moto upesi, basi unabaki palepale ukingoni. Resini za kawaida huanza kulegea joto likifika karibu nyuzi 120, na zile zilizotengenezwa kwa ajili ya breki huvumilia hadi nyuzi 200 na zaidi. Nyuzi za kaboni zenyewe hazikuungua. Gundi iliyozishika ndiyo iliyolegea, na upepo wa tairi ukausukuma ukuta kwenda nje.

Kwa hiyo mwenye magurudumu ya namna hiyo atumie vipande vya breki vilivyotengenezwa kwa kaboni, tena akamate kwa nguvu, aachie, rimu ipoe, ndipo akamate tena. Asishike kwa kuburuza kama nilivyofanya. Lakini anayeunda baiskeli mpya leo, na ambaye nyumbani kwake ni kwenye miteremko hii, namshauri bila kusitasita achukue breki za diski, ambazo UCI iliziruhusu moja kwa moja katika mashindano ya barabarani mwaka 2018. Zinaongeza gramu 300 hadi 500, yaani sekunde 15 hadi 25 za kupanda. Nimezilipa kwa moyo mweupe, na ndiyo sababu baiskeli yangu ni kilo 6.9 na si 6.5.

Kuna jambo jingine ambalo linanitia hofu kuliko hata joto, kwa sababu linafanyika kwa nia njema. Rimu nyingi za kaboni za siku hizi hazina ndoano ndani ya ukingo ya kuishika tairi. Ukuta umenyooka tu. Rimu za aina hiyo zina kikomo cha ba 5, ambazo kwenye pampu zetu ni pauni 72. Sisi tumekua tukijua kwamba tairi iliyojaa vizuri ni ile inayolia kama jiwe ukiigonga, na fundi wa kandokando ya barabara, akitaka kukutendea wema, ataipiga pampu mpaka pauni 100. Tairi inaweza kuchomoka mara moja. Tafadhali, beba pampu yenye kipimo, na umweleze fundi kwa heshima kabla hajaanza. Tairi ya milimita 28 yenye upepo wa wastani haitakupunguzia mwendo kwenye lami yetu yenye viraka; itakupunguzia mitetemo.

Kuhusu gia, kranki, pedali na siti sitasema mengi. Meno ya gia ya bei ya juu hupunguza gramu kadhaa na kuchakaa mapema, siti ya kaboni tupu inamfaa mtu mmoja na kumtesa mwingine, na tyubu za plastiki nyembamba zenye gramu 35, badala ya 100 za mpira, ni miongoni mwa gramu za bei nafuu kuliko zote ila hazipendi kiraka cha kawaida.

Namalizia na mikono ya fundi. Boliti nyingi zinazoshika kaboni, ya siti, za usukani, zimeandikwa 5 Nm, au chini ya hapo. Nyutoni mita 5 ni kama kuning'iniza kilo 5 kwenye ncha ya ufunguo wenye urefu wa sentimita 10. Mwanamume aliyezoea kufungua nati za Land Rover anaweza kuzidisha mara tatu bila kuhisi kwamba ametumia nguvu, na kaboni haitapinda kumwonya. Itatoa mlio mdogo, au haitatoa mlio wowote, kisha itakatika wiki mbili baadaye mwenyewe akiwa ameinama juu yake. Penye kuteleza, dawa si kukaza zaidi. Dawa ni ile mafuta yenye chembechembe kama mchanga laini, inayopakwa ili kaboni ishike bila kubanwa. Grisi ya kawaida hapo ni kosa.

Na kwa wale wanaonunua fremu zilizotumika, zile ambazo wageni huziacha baada ya safari zao: chukueni sarafu ya shilingi 200, mgonge taratibu, sentimita kwa sentimita, kuanzia kichwa cha fremu hadi nyuma. Mlio mkavu na wa juu ni mzuri. Ukifika mahali mlio unapokuwa mzito, kama umegonga kitambaa, rudia hapo mara tatu, linganisha na upande wa pili wa bomba hilohilo, na ukiendelea kusikia vile, iache fremu hiyo kwa mwenyewe hata akikupunguzia bei. Njia hii haioni kila ufa, lakini imenizuia mara mbili nisinunue.

Hapa mezani nina spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kipande cha bomba la kaboni nilichokikata kutoka fremu iliyokufa, na ufunguo wa kawaida wa pembe sita. Naomba mafundi wasogee, kila mmoja akaze boliti hii kwa mkono mpaka ahisi imetosha, halafu tusome pamoja spana inasema ngapi. Mzee wangu wa pale mbele, karibu, tuanze na wewe.