Jinsi ya kufunga beringi za krenki kwenye pikipiki ya zamani

Karibuni watazamaji. Mezani tuna injini ya silinda moja ya miaka ya 1970, kasha lake ni la alumini na limeshafunguliwa vipande viwili. Leo tunabadilisha beringi za krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni.

Kabla ya kwenda Kariakoo, soma namba iliyo kwenye beringi uliyoikuta. Hii ni 6304 C3: tundu milimita 20, kipenyo cha nje 52, unene 15. Hiyo C3 msiidharau. Maana yake gololi zimeachiwa nafasi zaidi ya kawaida, kwa sababu beringi ikishabanwa na kasha na injini ikipata moto, nafasi hupungua. Muuzaji akikupa isiyo na C3 na kusema "ni ileile tu", mrudishie. Pia injini hii inataka beringi iliyo wazi pande zote mbili, oili ipite. Yenye mpira mwachie.

Toa sili za oili, klipu na vibati vya kuzuia beringi. Osha kasha mpaka mafuta yaishe, hasa kama oveni ni ya nyumbani, la sivyo keki zitanuka dizeli. Pasha hadi nyuzi 120. Kama huna kipimajoto, dondosha tone la maji: likichemka na kutoweka papo hapo, moto unatosha. Usielekeze moto wa gesi sehemu moja, kasha litapinda. Vaa glavu nene, lilaze kifudifudi juu ya mbao, gonga kidogo. Beringi inaanguka yenyewe.

Sasa kagua tundu. Ukuta ukiwa umeng'aa au una michirizi ya mzunguko, ringi ya nje ilikuwa inazunguka humo. Mafundi wengi hapo hupiga ponchi, yaani chuma chenye ncha, kuzunguka tundu ili vinundu vitokeze na libane. Tusidanganyane: vile vinundu vinashika kwa ncha tu, vinasagika mapema, na beringi inaweza kukaa upande. Mpelekee fundi wa kukereza avalishe bushi, yaani ringi ya kujazia tundu. Pale Gerezani, Dar es Salaam, hutamkosa.

Beringi mpya ipake oili nyepesi, ifunge kwenye nailoni isiyopitisha hewa, iweke kwenye friza usiku kucha. Kwa unyevu wa Dar, ukiifungua mapema inalowa maji mara moja, na kutu huanzia hapo. Kwa hiyo nailoni inatoka kasha likiwa tayari mezani.

Siri ya kupasha kasha na kugandisha beringi ni hesabu tu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Tundu la milimita 52 likitoka nyuzi 30 hadi 120, linaongezeka takriban milimita 0.1. Beringi ikishuka hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, inapungua kama 0.03. Nafasi hiyo ndiyo inayoingiza beringi, si nyundo.

Pasha kasha tena, liweke kwenye mbao iliyonyooka, dondosha beringi upande wenye namba ukiwa juu. Inatakiwa isikike "tok" ikifika chini. Una sekunde chache tu. Ikisimama kimshazari, usiilazimishe. Itoe, pasha upya. Ikibaki kidogo, ikandamize kwa soketi inayogusa ringi ya nje peke yake. Ukigonga ringi ya ndani, nguvu inapita kwenye gololi, zinaacha vidonda kwenye njia yake, na injini itavuma hata kama beringi ni mpya.

Ishikilie dakika moja, kasha lipoe. Rudisha vibati na skrubu zake kwa gundi ya kuzuia skrubu zisilegee, kisha klipu. Sili mpya zinaingia kasha likishapoa kabisa, joto lisije kuziua.

Tia matone ya oili safi, zungusha ringi ya ndani kwa kidole. Inapaswa kuteleza kimya. Ikikwaruza, kuna mchanga: osha kwa petroli, puliza, lakini usiizungushe kwa upepo wa kompresa. Ikiwa nzito mzunguko mzima, imebanwa kupita kiasi, kwa hiyo pima tundu kabla ya kuingiza krenki.