Kushinda kwa Kutoshindwa: Vita vya Anga vya 1940

Mabibi na mabwana, hamjambo. Asanteni kwa kufika, na poleni ninyi mliokwama Thika Road.

Nimeombwa nizungumzie pigano la angani lililogeuza vita. Nimechagua lile la Uingereza la mwaka 1940, katika Vita vya Pili vya Dunia, lililoanza Julai likamalizika mwishoni mwa Oktoba. Najua wapo wanaojiuliza linatuhusu nini sisi Wakenya. Nitafika huko.

Kwanza tuangalie hesabu ya ndege zilizodunguliwa, maana ndiyo inayowapotosha wengi. Tarehe 15 Septemba, siku ambayo Waingereza huiadhimisha mpaka leo, walitangaza kwamba wamedungua ndege 185 za Wajerumani. Vita vilipokwisha na kumbukumbu za Wajerumani wenyewe zikasomwa, idadi ikawa kama 60 tu. Marubani hawakuwa waongo. Watu watatu wanaifyatulia ndege moja, inaanguka, na kila mmoja anarudi kambini akiapa ni yake. Kwa hiyo ukitaka kujua nani alishinda, acha kuhesabu mabaki. Uliza kila upande ulikuwa unataka nini, na nani alikosa.

Ufaransa ilikuwa imeanguka mwezi Juni. Hitler alitaka kuvusha jeshi hadi Uingereza, na pale Dover bahari ina upana wa kilomita 33 hivi. Lakini huwezi kupakia askari kwenye matishari na kuwavusha huku ndege za adui zinawapiga kutoka juu. Ndipo Göring na jeshi lake la anga, Luftwaffe, wakapewa kazi ya kulimaliza kwanza jeshi la anga la Uingereza. Göring alilazimika kushinda, tena kabla ya bahari kuchafuka msimu wa vuli. Hugh Dowding, mkuu wa ndege za kivita za Uingereza, alihitaji kitu kimoja: awe bado na ndege na marubani siku matishari yatakapong'oa nanga. Hakuhitaji kumshinda mtu. Ukilielewa hilo, mengine yote yanaeleweka.

Watu hupenda kusifu Spitfire, ilhali ndege nyingi zilizopigana upande wa Waingereza zilikuwa Hurricane. Kwa maoni yangu silaha kubwa haikuwa ndege hata moja. Hebu fikirini: ndege ya kivita ilihitaji karibu robo saa kupanda mita 6,000, na adui aliweza kuvuka pale pembamba kwa dakika chache tu. Bila onyo la mapema ungelazimika kuziweka ndege zako angani mchana kutwa, zikimaliza mafuta na kuwachosha marubani. Rada za pwani zilileta onyo hilo, lakini onyo peke yake halina faida kama halimfikii anayeamrisha.

Twendeni Uxbridge, magharibi mwa London, ndani ya chumba kilichochimbwa ardhini. Katikati kuna meza kubwa yenye ramani. Wasichana wa jeshi la anga, visikizi vya simu masikioni, wanasogeza vibao kwa fimbo ndefu kila habari inapoingia. Ukutani kuna saa, na uso wake umepakwa rangi: nyekundu, manjano, buluu, kila rangi dakika 5. Alama inayowekwa mezani hupewa rangi ya dakika zile. Afisa akichungulia kutoka juu anajua papo hapo habari ipi ni mbichi na ipi imechacha. Mimi naipenda ile saa kuliko Spitfire yoyote.

Tarehe 12 Agosti Wajerumani walikipiga kituo cha rada cha Ventnor, kisha baada ya siku chache Göring akaona kazi hiyo haina maana. Alikosea vibaya. Wakageukia viwanja vya ndege, na hapo Waingereza walibanwa kwelikweli: mwishoni mwa Agosti walikuwa wakipeleka vitani vijana ambao hawajazoea ndege zao. Halafu tarehe 7 Septemba mabomu yakahamia London. Husemwa kwamba ni hasira za Hitler baada ya Berlin kupigwa. Hasira zilikuwepo, lakini majasusi wake pia walimwambia adui amebakiwa na ndege chache, basi London ingewalazimisha wazitoe zote. Zikatoka kweli, nyingi kuliko walivyoambiwa. Na Messerschmitt 109, ndege ya kivita ya Wajerumani, ikifika London ilikuwa na mafuta ya kupigana dakika kama 10, kisha igeuke nyumbani.

Hiyo tarehe 15 Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, alikuwa palepale Uxbridge. Akamuuliza Keith Park, kamanda wa eneo hilo, akiba ya ndege iko wapi. Akajibiwa hakuna. Siku mbili baadaye Hitler aliahirisha uvamizi bila kutaja tarehe mpya.

Wapo wanaosema meli za Uingereza zingeuzuia uvamizi hata bila ndege. Huenda. Lakini serikali iliyopoteza anga lake ingeweza kushawishiwa kutafuta amani, na hapo meli zisingeulizwa.

Sasa huku kwetu. Italia, iliyokuwa ikitawala Ethiopia na Somalia, iliingia vitani upande wa Wajerumani tarehe 10 Juni. Wajir ikapigwa kutoka angani, Moyale ikatekwa Julai, hata Malindi ikadondoshewa mabomu Oktoba. Eastleigh, pale penye Moi Air Base, palikuwa uwanja wa jeshi la anga la Uingereza, na ndege nyingi zilizoilinda Kenya zilikuwa kuukuu. Mpya zilibaki kwao. Hata hivyo, Agosti hiyohiyo London ilithubutu kupeleka Misri vifaru zaidi ya 150, na Desemba Waitalia wakasukumwa nyuma kule. Mapema 1941 askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, pamoja na wenzao wa Nigeria, Gold Coast (Ghana ya leo) na Afrika Kusini, wakavuka mpaka wetu wa kaskazini. Mogadishu ikaangukia mikononi mwao tarehe 25 Februari, Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Uingereza ingesalimu amri Septemba, sijui nani angewapelekea hata petroli.

Nikomee hapo tupate muda wa maswali. Mzee aliye pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Moyale, karibu, mzee.