Mgomba wa Shangazi

JUMA: Wasikilizaji, hamjambo. Mama Saida kaingia studio na tope viatuni. Tuambie, dada.

MAMA SAIDA: Tope la Bugolobi hilo, hapa Kampala. Jumatatu mafundi walianza msingi wa vile vyumba viwili vya shangazi. Hata futi tatu hawajafika, sururu ikagonga chuma. Mfuniko wa chemba ya majitaka! Umefukiwa, na kando yake ule mgomba.

JUMA: Mgomba ule ule?

MAMA SAIDA: Ule ule! Kiangazi chote majani kijani, mkungu wabebwa na watu wawili. Shangazi hugawa matoke mtaa mzima, sisi twasema ana mkono wa baraka.

JUMA: Na mimi siku ya Iddi nilikula sahani mbili.

MAMA SAIDA: Tatu, Juma. Nilikuwa napakua mimi.

JUMA: Basi bomba la majitaka lipitalo hapo linavuja, dada, ndilo linaulisha mgomba. Viungo vikiachia, mizizi inajipenyeza ndani, inajazana, mwishowe inaziba. Majitaka yarudi nyumbani kwa mtu.

MAMA SAIDA: Shangazi akasema mgomba haukatwi mpaka mkungu ukomae. Fundi kasimama na panga, shangazi kaukumbatia mgomba. Nusu saa nzima! Na aliyemuuzia kiwanja hakutamka habari ya bomba.

JUMA: Mchoro wa vyumba ulikuwa na kibali?

MAMA SAIDA: Ndiyo nilikwenda kuulizia. Kibali cha ujenzi hutoka kwa kamati ya ujenzi, kwa Sheria ya Udhibiti wa Ujenzi ya 2013. Sasa mchoro wataka uonyeshe bomba lapita wapi na lina kina gani, na wenye bomba wakubali. Kwa nini shangazi ndiye asogee? Bomba lisogezwe! Katiba ya Uganda, ibara ya 26, yasema mali ya mtu haichukuliwi kwa nguvu bila fidia ya haki, tena ilipwe kwanza.

JUMA: Bomba la maji safi ningekuelewa. Lile lina presha, unalizungusha kona. Majitaka yanashuka kwa mteremko wake tu. Ukilipinda hapa mteremko ukapotea, chemba za jirani wa juu zinafurika. Na uzito wa msingi hautui chini wima, unatanuka pembeni kama nyuzi 45. Msingi wa juujuu karibu na bomba la kina unalilemea, linapasuka.

MAMA SAIDA: Msingi ushushwe basi, upite kina cha bomba.

JUMA: Na siku ya kulichimbua walitengeneze, watapita wapi? Katikati ya kitanda cha shangazi? Ule ukanda wa juu ya bomba uachwe wazi.

MAMA SAIDA: Uachwe, alipwe! Kiwanja chenyewe futi 50 kwa 100. Mjane, watoto wanne wa marehemu dada yake. Vyumba viwili vile ni vya kupangisha, kodi iwe karo yao.

JUMA: Karo naijua uzito wake, dada. Lakini nyumba ikikaa juu ya bomba, wanaoumia ni mtaa wote.

MAMA SAIDA: Mtaa wote ulikula matoke, hasara iwe yake peke yake?

JUMA: Sijasema hivyo.

MAMA SAIDA: Umesema.

JUMA: Nimesema ukanda uachwe.

MAMA SAIDA: Nami nimesema alipwe. Hapo sitoki.

JUMA: Wala mimi. Eh, dakika mbili zimebaki, na tuliahidi hatua tano za kuomba kibali.

MAMA SAIDA: Hazitoshi. Shangazi anasikiliza. Shangazi, Ijumaa nakuja na mpimaji, mafundi wasichimbe kabla yake.

JUMA: Na mgomba?

MAMA SAIDA: Mkungu bado wiki tatu.