Kurasa 16 za Mkonge: Kupanga Stempu za Zamani kwa Maonyesho

Waungwana wa Tanga, habari za jioni. Tuanze na stempu moja: senti 5, mwaka 1960, ya Kenya, Uganda na Tanganyika, picha yake mkonge. Ni stempu ya kawaida, haimtajirishi mtu. Swali la leo ni hili: kutoka hapo, unafikaje kwenye kurasa 16? Maana fremu moja ya maonyesho hubeba kurasa 16 za A4, safu nne za kurasa nne nne, na ukurasa uliojazwa kwa kubahatisha huonekana toka mlangoni.

Wengi hukosea kwa kununua kila chenye jani la mkonge, halafu ndipo wanatafuta maneno ya kuunganishia. Andika mpango kwanza, uweke ukurasa wa kwanza: mmea umetoka wapi, umefikaje, nani aliukata, ulisafirije, ukawa nini. Jina lenyewe la Kizungu, sisal, ni la bandari ya Yucatán huko Mexico. Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000. Iliyofika hai ni 62, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo Wajerumani walianza kuuza huku stempu zao zilizogongwa juu thamani kwa pesa (sarafu ndogo ya rupie, fedha ya wakati huo), na reli ikaanza kujengwa hapa Tanga. Mambo matatu, mwaka mmoja: huo ni ukurasa. Lakini mwaka peke yake haumshawishi mwamuzi. Tafuta stempu hiyo ikiwa na mhuri wa Tanga au wa Pangani, usomeke jina na tarehe.

Mhuri ndio utakaowajazia fremu. Reli ilifika Korogwe 1902, Mombo 1905. Bahasha za vituo hivyo, au za mashamba zenye jina la shamba lililochapwa pembeni, zinaeleza safari ya singa, yaani nyuzi za mkonge, kutoka korona (kiwanda cha kusindika mkonge) hadi bandarini kuliko picha yoyote. Kwa hiyo bahasha nzima isikatwe. Ukikata kipande chenye stempu, nusu ya mhuri inabaki kwenye takataka. Na tahadhari: mihuri ya kughushi kwenye stempu za makoloni ya Ujerumani ni mingi, hasa pale stempu iliyotumika ina bei kuliko mpya. Tazama kwa lenzi: tarehe ya mhuri isitangulie toleo la stempu. Rupie ilikuwa pesa 64 mpaka 1904 ilipogeuzwa kuwa heller 100. Stempu ya heller yenye mhuri wa 1903 ni uongo mtupu.

Vipande vya kawaida vilivyokwisha kukatwa ndivyo vya kuloweka. Acha karatasi kama milimita 5 nje ya meno (kingo za stempu zenye vitundu), weka kwenye maji ya uvuguvugu, uso juu, dakika 15 hadi 20. Isipoachia, ongeza muda, usivute. Bahasha nyekundu au yenye wino wa zambarau iwe na bakuli lake, la sivyo rangi itahamia kwa wenzake. Anika uso chini juu ya karatasi ya kunyonya maji, kisha kandamiza ndani ya kitabu kizito. Stempu mpya zenye gundi hazilowekwi kabisa.

Gundi hiyo ndiyo adui yetu wa pwani. Mji huu husifiwa kwa waja leo, waondoka leo. Unyevu wake huja na hauondoki. Stempu mpya ikilala kwenye albamu iliyobanwa, gundi hulegea ikashika ukurasa, na madoa ya kahawia ya kuvu huanzia kwenye meno. Albamu zisimame, zisilaliane. Weka kasha lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu, vinavyokaushwa mara kwa mara. Plastiki laini yenye harufu kali ikae mbali, ni mbaya kwa wino. Selotepu hata isikaribie. Vifuko angavu vya kubandikia viache milimita 2 kila upande wa stempu.

Kwenye ukurasa, maneno yasizidi theluthi. Kitu kizito chini, bahasha isikae mshazari. Na mtashawishika: mwaka 1916, stempu zilipokaribia kwisha kwa sababu ya mzingiro wa baharini wa Vita Kuu ya Kwanza, mitambo ya misheni ya Vuga, hapa Usambara, ilichapa za heller 2½, 7½ na rupie 1. Shehena ikaingia kutoka Ujerumani, za Vuga zikafukiwa ardhini, baadaye zikafukuliwa na kuuzwa Ujerumani mwaka 1921. Nyingi zina majeraha ya unyevu. Ni fahari ya mkoa huu, lakini hazina mkonge. Ziwekee fremu yake.

Siku ya maonyesho, fremu isielekee dirisha la mashariki wala la magharibi. Jua la saa mbili asubuhi na la saa kumi jioni huingia kwa mshazari mpaka katikati ya ukumbi, na wino wa zamani hautaki hata dakika zake.