Pesa za Simu Mbele ya Watafiti wa Fani Nne

Mheshimiwa Mwenyekiti, wanataaluma wenzangu, nanyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu mnaoanza masomo mwaka huu,

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa kitaaluma na sura zake nyingi katika sayansi, uhandisi, sheria na biashara. Mada hiyo ni pana kiasi cha kumfanya mzungumzaji aishie kwenye mambo ya jumla yasiyomfaa mtu, kwa hiyo nitashika kitu kimoja ambacho takriban kila aliyemo humu anacho mfukoni, yaani simu inayotuma na kupokea pesa, nieleze jinsi fani hizi zilivyokichunguza. Hoja yangu ni kwamba kinachozitenganisha fani si kitu zinachokichunguza, bali ni kile ambacho kila moja inakubali kukiita ushahidi.

Wahandisi ndio waliotangulia. Mwaka 2005 Vodafone, ikishirikiana na Safaricom na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, na kwa ruzuku ya serikali ya Uingereza, ilifanya majaribio ya huduma ambayo wakopaji wangeitumia kulipa marejesho yao kwa simu. Swali la mhandisi hapo ni gumu kuliko linavyoonekana: mtu ametuma pesa, mtandao ukakatika kabla hajapata ujumbe wa uthibitisho, je, pesa ziko wapi? Mfumo unapaswa kuhakikisha kwamba muamala ama umekamilika pande zote mbili ama haukufanyika kabisa, na kwamba mteja akirudia kubonyeza kwa wasiwasi hakatwi mara mbili. Na hayo yote yawezekane kwenye simu ya bei ya chini isiyo na intaneti. Ushahidi wa mhandisi ni mfumo uliotikiswa kwa makusudi ukasimama. Hakuna hoja itakayouokoa mfumo unaopoteza salio la mteja.

Hata hivyo majaribio yale yalizaa jambo ambalo wahandisi hawakulipanga. Wapo walioweka pesa kwa wakala mwanzo wa safari wakazitoa waendako ili wasibebe noti njiani. Wapo waliozilaza humo usiku kwa kuwa benki zilikwisha kufungwa. Na wapo waliozitumia kuwanunulia jamaa zao wa kijijini muda wa maongezi. Nick Hughes na Susie Lonie, waliokuwa wakiuendesha mradi huo, waliyaandika hayo waziwazi, na M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwezi Machi 2007 kilichotangazwa ni kutuma pesa nyumbani, wala si marejesho ya mikopo.

Hapo wakapata kazi watafiti wa uchumi na biashara. Ugumu wao ni wa namna nyingine: anayejiunga na huduma mapema huenda tayari ana kipato kizuri na ndugu mjini kuliko asiyejiunga, kwa hiyo kuwalinganisha wawili hao hakuthibitishi kitu. Tavneet Suri wa MIT na William Jack wa Georgetown walizifuatilia kaya za Kenya kwa awamu kadhaa, wakaegemea kuongezeka kwa mawakala karibu na kaya, jambo ambalo kaya yenyewe haikuliamua. Katika makala yao ya mwaka 2014 walionyesha kwamba kaya zisizotumia huduma zilipopatwa na msukosuko, kama vile ugonjwa au kupoteza kazi, matumizi yao yalishuka kwa takriban asilimia 7, ilhali ya watumiaji hayakutetereka, kwa kuwa ndugu waliweza kuwatumia chochote kwa haraka. Mwaka 2016 wakakadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000, sawa na asilimia 2 ya kaya za Kenya, katika umaskini. Mwaka 2019 Milford Bateman na wenzake waliyapinga matokeo hayo, wakisema kwamba hayakuzingatia biashara ndogo zinazokufa wala madeni yanayowalemea watu. Binafsi naona ulinganisho wa mwaka 2014 una mashiko zaidi kuliko makadirio ya 2016, ingawa haya ya pili ndiyo yanayonukuliwa kila mahali.

Mwanasheria hahesabu kaya. Anauliza kama kampuni ya simu inayoshika pesa za umma inafanya biashara ya benki. Sheria ya Benki ya Kenya inaitambua biashara hiyo kwa kupokea amana pamoja na kuzikopesha au kuziwekeza, na kwa kuwa pesa za wateja ziliwekwa benki chini ya udhamini, yaani zikishikwa kwa niaba ya wateja wenyewe, Safaricom ikiwa haina ruhusa ya kuzikopesha, Benki Kuu haikuweka pingamizi. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja baadaye, Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwaka 2015. Utafiti wa namna hii ni wa kusoma matini, kuzilinganisha na kujenga hoja. Nimewahi kukaa katika jopo ambalo mwanafunzi wa sheria aliulizwa sampuli yake ina watu wangapi. Swali hilo halikumhusu, na muda aliopoteza kulijibu ulikuwa wa bure.

Sayansi imeingia kwa mlango ambao wengi hawautarajii. Mwaka 2012 Amy Wesolowski na wenzake walichapisha utafiti kuhusu malaria uliotumia kumbukumbu za minara ya simu za karibu wateja milioni 15 wa Kenya, majina yakiwa yameondolewa. Waliunganisha safari za watu na ramani ya maambukizi, wakaona jinsi vimelea vinavyosafirishwa na wasafiri kutoka ukanda wa Ziwa Victoria hadi Nairobi. Takwimu zile hazikukusanywa kwa ajili ya malaria, na hapo mwanasheria anarudi na swali la ridhaa. Kenya ilipata sheria ya kulinda data binafsi mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022.

Kwa wanaotafuta mada, kuna jambo dogo la kukosea namba. Mtu anaweka tarakimu moja isiyo yake, pesa zinamfikia asiyemjua, naye anazitoa kwa wakala papo hapo. Mhandisi ameongeza hatua ya kuonyesha jina la mpokeaji kabla ya namba ya siri, lakini ni wangapi wanaolisoma jina hilo kabla ya kuthibitisha? Hilo la kwanza linapimika. La pili, ni nani anayebeba hasara ikiwa mtumaji na mpokeaji wako mitandao tofauti, kwani Tanzania makubaliano ya kuunganisha mitandao yalianza mwaka 2014 kwa mapatano ya kampuni zenyewe, kabla ya sheria ya 2015. Atakayelichukua la pili aanze kwa kuisoma mikataba hiyo, si kwa dodoso.