Tomati ya Kasumbalesa, Salmoni wa Norwei

Baba, mama, ndugu wanafunzi, tuanzie karibu, Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo yetu na Zambia. Kamyo ya tomati ikikwama duane siku nne, mwenye mali amekwisha. Kamyo ya shaba inaweza kungoja. Shikeni tofauti hiyo.

Mwaka 2010 Kamati ya Nobel kule Oslo ilimpa tuzo ya amani Liu Xiaobo, mpigania haki za binadamu aliyekuwa gerezani China. Kamati si serikali, lakini China iliiadhibu serikali: mazungumzo ya biashara yakasimama, na salmoni wabichi wa Norwei wakawa wanapimwa na kupimwa tena mpakani. Kwa samaki aliyelazwa kwenye barafu, kucheleweshwa kunatosha; hakuhitajiki hata amri ya kumkataza. Mwaka 2014 Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Tibet ambaye China haimtaki, alipofika Oslo, mawaziri hawakumpokea. Desemba 2016 likaja tamko la pamoja: Norwei haitaunga mkono tendo lolote linalodhoofisha maslahi ya msingi ya China. Nchi iliyojengwa juu ya uhuru wa kusema imekubali, kwa maandishi, kunyamaza. Inauma.

Australia nayo mwaka 2020 ilidai uchunguzi wa chanzo cha korona. Shayiri yake ikapigwa ushuru wa asilimia 80.5, divai hadi 218. Mawe ya chuma hayakuguswa, maana viwanda vya China vinayahitaji. Anayebana huchagua pale asipoumia yeye. Australia ikapeleka kesi Shirika la Biashara Duniani, wakulima wakatafuta wanunuzi wengine, Saudi Arabia na hata Mexico. Ushuru wa shayiri uliondolewa 2023, wa divai 2024. Hasara ilikuwepo, kwa wenye divai hasa, lakini dai halikufutwa.

Sasa kwetu. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia sahihi na Rwanda makubaliano ya madini, wakati wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuandika kwamba jeshi la Rwanda linaisaidia M23, waasi wa mashariki mwa Kongo. Baadaye mwaka huohuo wataalamu hao walihesabu tani zisizopungua 150 za koltani, madini ya vifaa vya elektroniki, zilizovushwa kwa magendo kutoka Kongo na kuchanganywa na ya Rwanda. Goma ikaanguka mikononi mwa M23 Januari 2025. Februari Bunge la Ulaya likataka makubaliano yasimamishwe, kwa kura 443 dhidi ya 4. Lakini azimio la Bunge ni ombi tu: kalamu ya kusimamisha ilibaki mikononi mwa waliotia sahihi.