Himoglobini Inatafuta Nyumba

Asanteni. Mwalimu aliyenikaribisha amesema nitazungumzia "damu bandia". Jina hilo silipendi. Damu huziba jeraha, hupigana na vijidudu, husafirisha chakula. Sisi tunatafuta kibebaji cha oksijeni, basi.

Hapa Kisumu sababu mnaijua. Malaria na selimundu huwamaliza watoto damu, na wachangiaji wetu wengi ni wanafunzi wa sekondari: shule zikifungwa, friji za damu hubaki tupu. Na hata ikipatikana, seli nyekundu huhifadhiwa siku 35 hadi 42 tu.

Mbona basi tusiitoe himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni, kwenye seli tukamtundikia mgonjwa hivyo hivyo? Molekuli moja hubeba oksijeni nne, kama bodaboda ya Kondele iliyopakia abiria wanne, ila hii askari haisimamishi. Taabu ni kwamba nje ya seli hukatika vipande viwili, vikapenya kwenye figo na kuziumiza. Tena huinyakua nitriki oksaidi, gesi inayolegeza mishipa. Mishipa hujibana, shinikizo la damu likapanda.

Watafiti wakaanza kuziunganisha molekuli zisikatike. Hemopure, iliyotokana na himoglobini ya ng'ombe, iliruhusiwa Afrika Kusini mwaka 2001, na hukaa bila friji hadi miaka 3. (Naona mzee pale anacheka. Hapana, hutalia kama ng'ombe. Kundi la damu limeandikwa kwenye ngozi ya seli, na ngozi hiyo imeshaondolewa.) Lakini mwaka 2008, majaribio ya bidhaa kadhaa za namna hii yalipojumlishwa, waliozipokea walionekana kufa na kupata mshtuko wa moyo zaidi ya wenzao. Kuziunganisha hakukutosha. Himoglobini ilitaka nyumba.

Ninyi mnaolala mabwenini, sikilizeni: mwaka 1957 Thomas Chang, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, alitengeneza seli bandia za kwanza chumbani mwake bwenini. Miaka mingi baadaye kundi lake lilifungia himoglobini ndani ya nanochembe, yaani vichembe vidogo mno, za polima (molekuli ndefu kama mnyororo) ya asidi ya laktiki, asidi ile ile misuli yenu huitoa mkikimbia. Ukuta unapitisha oksijeni, himoglobini haitoki, na kazi ikiisha mwili huumeng'enya. Ukubwa wake? Uweke kando ya seli nyekundu, ni omena kando ya mbuta.

Kuna kutu pia. Chuma cha himoglobini huoza kikashindwa kushika oksijeni. Seli hai ina vimeng'enya vya kukirekebisha, kwa hiyo navyo vikafungiwa humo ndani. Halafu ini na wengu huzimeza chembe hizi upesi, ndiyo maana huvikwa polima nyingine, PEG, ya kuzificha.

Hata hivyo hazidumu. Seli yako huishi siku 120. Hizi huhesabiwa kwa saa. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua kisiwani Mfangano, mashua ikiwa bado ziwani, haulizi siku 120. Anauliza saa chache.